Makumbi ya Bi Mize

Siku ya kuniaga, wasichana wa zamu ya asubuhi walinipa saa ya ukutani. Mtu kaamka alfajiri maisha yake yote kwa ajili ya kazi, leo kapumzishwa, anapewa saa. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaitundika, na sasa inanitazama ninavyokunywa chai bila haraka. Lakini pamoja na saa walinipa na kazi: niwaandikie nilivyoanza, miaka ile ya hamsini, kwa sababu wao wamechoka. Si uchovu wa miguu, huo twaijua dawa yake. Walisema wanarudi nyumbani na wodi nzima kichwani, usingizi hawaupati, wanagombeza watoto wasio na kosa, na moyo unawaenda mbio hali wamekaa kitako. Wakaniuliza sisi wa zamani tulifanyaje.

Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vidogo na mishahara ilivifuata. Nitaeleza nilichokiona, ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinanisimama.

Mimi ni mtoto wa Jang'ombe. Siku ya kwanza nilikwenda kazini kwa miguu, gauni jeupe limetiwa wanga mpaka linaweza kusimama bila ya mimi, na buibui juu yake. Mama alinisomea dua mlangoni kama mtu anayesafiri kwenda Hija. Hospitali yenyewe ilikuwa mjini, upande wa baharini, na aliyenipokea alikuwa Bi Rukia, nesi mkubwa wa wodi ya wanawake. Bi Rukia alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, na maneno kwake yalitoka kwa shida kama vile yanauzwa.

Kazi ya kwanza aliyonifundisha ilikuwa kupima presha. Kipimo cha siku hizo kilikuwa sanduku zito. Ukifungua kifuniko kinasimama, na juu yake kuna kioo chembamba ambacho ndani yake zebaki hupanda na kushuka. Unamfunga mgonjwa kitambaa mkononi, unakamua mpira, unaweka masikio yako kazini na macho kwenye zebaki.

"Usikimbilie kumfunga," aliniambia Bi Rukia. "Mkaribishe kwanza. Muulize kaja kwa njia gani, kala nini, watoto hawajambo. Mkono wa mtu mwenye khofu utakudanganya."

Nilidhani ananifundisha adabu tu. Naona alilisoma hilo usoni kwangu, maana alinikalisha kwenye kigoda, akanifunga mimi, akapima. Zebaki ilitulia pahala pazuri, akaniambia damu yangu ni ya msichana asiye na mume. Kisha akakamua mara ya pili, na zebaki ikiwa njiani akaniuliza taratibu, "Jana umevunja nini kule stoo?"

Wallahi sikuwa nimevunja kitu. Lakini moyo ulinipiga teke, na nikaiona kwa macho yangu zebaki ile ikikataa kutulia pale ilipotulia mwanzo. Bi Rukia akalegeza mpira.

"Umeona? Neno tu."

Nilikaa pale kigodani nimeduwaa. Neno halina uzito, halina mkono, na limeingia sikioni likaenda kusukuma damu mpaka kwenye kioo. Tangu siku hiyo sikulitazama lile sanduku kama chombo cha kawaida.

Mwaka wa pili wakanitia kwenye safari za shamba. Mara moja kwa mwezi gari la hospitali lilituchukua, mimi na Daktari, kwenda kijiji cha pwani ya kusini ambacho jina lake sitalitaja. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kukuna kisogo kila anapofikiri, na kwa kuwa alifikiri sana kisogo chake kilikuwa kinang'aa. Njia nzima nilipakata sanduku la kipimo, wima, nikilichunga katika kila shimo la barabara kama nimebeba bakuli la mchuzi, kwa sababu zebaki ikimwagika hakuna duka la sokoni Darajani utakamoikuta.

Tulikaa ukumbini mwa skuli. Mara ya kwanza hakuja mtu. Habari zilitutangulia kwamba nimekuja na mashine ya kunyonya damu, na kwamba mimi ni mumiani. Watoto walinichungulia kwenye kona za nyumba wakakimbia wakipiga mayowe, nami nimekaa na gauni langu la wanga, nimejaribu kutabasamu, jambo ambalo nahisi liliongeza mambo.

Aliyetutoa aibu ni Bi Mize. Alikuja ana kanga zake mbili, mwanamke mnene wa miaka kama arubaini na ushei, akanyoosha mkono mezani mbele ya watu wote.

"Nifunge mie," alisema. "Damu yangu chungu. Mumiani akiionja ataitema."

Watu walicheka, na hofu ikavunjika. Nilimfuata Bi Rukia hatua kwa hatua: nikamkaribisha, nikamuuliza watoto, nikamuacha apumue. Kisha nikakamua, na zebaki ikapanda, ikapita pale nilipoitarajia, ikaendelea kupanda. Nilipima tena. Nikamwita Daktari, naye akapima, akakuna kisogo.

Bi Mize hakuhitaji kuelezwa. Mama yake alianguka siku moja anatwanga, upande mmoja ukafa na ulimi ukafa nao, akalala hivyo mpaka Mungu alipomchukua. Na Bi Mize ndiye aliyemuuguza. Sasa nyumbani kwake alikuwa na mkwewe mzee wa kitandani, watoto wengi, wa mwisho bado wa kubebwa, na mume, Mzee Haji, mvuvi, mtu mwema lakini mtu wa kutumikiwa. Alinyanyua mkono wake wa kulia akautazama.

"Mkono huu ukilala, mwanangu," aliniambia, "nyumba nzima imelala."

Sikusahau. Kila nilipofungua sanduku kijijini pale, nilikuwa nauwazia mkono ule.

Dawa za presha siku zile zilikuwa chache, na nyingine zilimtesa mgonjwa kuliko maradhi. Daktari alitoa amri aliyoiamini, na kwa mwili ilikuwa amri sahihi: chumvi ipungue, samaki wa ng'onda aache, maji wateke mabinti, mizigo asibebe. Kisha akauliza anafanya kazi gani. Bi Mize akasema, "Makumbi."

"Basi na makumbi aache," akasema Daktari. "Apumzike kabisa."

Mzee Haji alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Sijapata kumwona mume aliyetii amri ya daktari kama yule. Siku ile ile alilichukua rungu la mkewe la kupigia makumbi akalisokomeza juu kwenye makuti ya paa, pahala ambapo Bi Mize hafiki.

Kwa nyinyi wa mjini niseme kidogo. Makumbi ya nazi wanawake wa huko huyafukia pwani, penye matope ambayo maji huyafunika na kuyaacha, wakayapanga mawe juu, na yakakaa humo miezi mpaka yakavunda. Kisha huyafukua, wakayaponda juu ya jiwe kwa rungu mpaka maganda yatoke ubaki usumba, nyuzi tupu. Usumba huoshwa baharini, hukaushwa, ukasokotwa kamba. Ni kazi ya mabega, ya jua kali, na ya harufu ambayo siielezi. Mtu yeyote mwenye akili angemkataza mgonjwa wa presha.

Mwezi uliofuata nilimpima Bi Mize nikitarajia kheri. Zebaki ilikuwa juu zaidi. Mwezi baada ya huo ikapanda tena. Na hakuwa mwongo, kwani mabinti zake walithibitisha: chumvi hali, mzigo habebi, anakaa tu kibarazani. Lakini yule mwanamke wa damu chungu alikuwa ametoweka. Kichwa kinamgonga, usingizi hapati, anamkaripia mtoto kwa kuangusha kijiko halafu anakaa analia yeye. Kibaraza chake kilielekea pwani, na kutoka huko sauti ya marungu ilikuwa inakuja, tu, tu, tu, siku nzima.

"Nnapumzika, mwanangu," aliniambia nilipomfungua kitambaa. "Nnapumzika mpaka nnataka kufa."

Njia nzima ya kurudi mjini Daktari alikuwa anakuna kisogo. Mimi nilikuwa na hofu tupu. Nilikuwa nimeshaanza kuuona ule mkono umelala.

Aliyenifungua macho alikuwa Bi Pili, shoga yake Bi Mize. Alikuja skuli na kidole kimepondeka, na nilipokuwa nakifunga alinikazia macho.

"Mbona mmemfungia mwenzetu?"

"Hatujamfungia, Bi Pili. Tumempumzisha."

"Mmempumzisha mwili. Na hayo mengine akayaseme wapi? Kwa mkwewe kitandani? Kwa mumewe?"

Nikamuuliza mengine yapi. Akatazama bendeji yake, akaitazama kazi yangu, nadhani ikampendeza, akasema, "Maji yametoka sasa hivi. Njoo. Lakini pwani kwetu haji mtu kuangalia. Ukija, njoo na mikono."

Nilimuaga Daktari, nikavua viatu, nikamfuata.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye matope, kila mmoja na jiwe lake, wamekipa kijiji mgongo, nyuso zote zimeelekea baharini. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Bi Pili alinionyesha jiwe, akanipa rungu la zamani na kumbi moja linalotiririka maji meusi. Jiwe lile lilikuwa la Bi Mize. Hakuna aliyelitumia tangu alipokatazwa.

Mwanzo nilisikia marungu tu. Halafu sikio likazoea, nikasikia sauti chini yake. Kila mwanamke akichukua kumbi jipya hulitaja kwanza: hili la fulani, hili la jambo fulani. Kisha anapiga, na katika kupiga anasema. Hasemi na mtu, anasema na kumbi. Anayaondoa yote, yasiyosemeka na yasiyo na adabu, na rungu linakwenda, na maganda yanaruka. Jirani yake anasikia atake asitake, lakini hajibu, hampozi, hampi shauri, hageuki. Yeye anapiga lake. Kumbi likisha kuwa usumba, mwenyewe anainuka, anauosha baharini, ananawa na uso. Akirudi ndipo unamsikia anauliza bei ya mchicha na harusi ya nani ni lini. Na lililosemwa pale haliondoki pale. Halipandi mchanga kwenda kijijini hata siku moja.

Niliruhusiwa kuwasimulia moja tu, kwa idhini ya mwenyewe. Bi Pili siku ile alipiga kumbi la mbuzi wa jirani aliyekula kamba zake zilizoanikwa. Alimpiga mbuzi yule mpaka nikamwonea huruma.

"Na wewe?" akaniuliza bila kugeuza shingo.

"Mie sina la kusema, Bi Pili."

"Basi piga kimya. Litakuja."

Likaja. Lilikuwa la wodini, la wiki ile ile, jambo ambalo hata Bi Rukia sikumwambia na mama yangu sikumwambia. Sikulitafuta, lilitoka lenyewe katikati ya pigo, na baada yake likatoka jingine, na nikapiga, na nikalia kwa sauti, kilio cha kitoto, na matope yamenirukia mpaka kwenye kofia. Hakuna shingo iliyogeuka. Marungu yao hayakupungua wala hayakuongeza mwendo. Yalinizunguka pande zote, yakanibeba.

Nilistaajabu. Neno hili nimelitumia ovyo maishani, kwa harusi za fahari na watoto mapacha, lakini maana yake niliijua siku ile. Mjini tulikuwa na hospitali ya ghorofa na kipimo cha zebaki, na hapa, matopeni, wamekaa wanawake ambao kila mmoja amebeba siri za wenziwe wote tangu usichana wao, na kijijini wanapishana kisimani, wanagombana, wanaozeshana watoto, na hakuna iliyopata kuvuja. Niliposimama kuosha usumba wangu kifua kilikuwa chepesi kwa namna ambayo sikukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Daktari alikuwa ananisubiri skuli. Nikamweleza kwamba Bi Mize lazima arudi pwani.

"Arudi akapige makumbi? Unataka kumuua?"

"Arudi akaseme."

"Wanasema nini huko?"

"Siwezi kukwambia, Daktari."

"Mie daktari wake."

"Najua. Lakini na mie nimepiga."

Akalitazama gauni langu, lile lililokuwa jeupe. Akakuna kisogo muda mrefu. "Rungu asinyanyue," alisema mwisho. "Hilo silitangui, mwili wake hauliwezi. Chumvi vile vile. Lakini kukaa na wenziwe, na kusema... mie kusema sikumkataza." Kisha, akikusanya vitu vyake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mie nna pahala pangu. Usiniulize."

Sikumuuliza, na mpaka amefariki sikujua.

Tatizo likabaki moja: mtu atalitajaje kumbi bila ya kulipiga? Nilikuwa nalifikiria hilo, na wao walikwisha kulimaliza. Mzee Haji, aliposikia ruhusa ya Daktari, alipanda mwenyewe akalitoa rungu kwenye makuti, akalipeleka kwa Bi Pili. Bi Mize akarudi kwenye jiwe lake, Bi Pili akakaa ubavuni pake na lile rungu. Bi Mize anashika kumbi, analitaja, anamwekea mwenziwe juu ya jiwe. Yeye anasema na Bi Pili anapiga. Akipandisha sauti, rungu linapanda, na akishusha linashuka. Nilikaa nyuma yao na kumbi langu, sanduku miguuni, nikasahau kilichonileta.

Baadaye kibarazani kwake nilimfunga kitambaa. Zebaki haikuanguka kama miujiza, nisiwadanganye. Lakini kwa mara ya kwanza ilikataa kupanda. Mwezi uliofuata ilishuka kidogo, na uliofuata kidogo tena, na usingizi ukarudi, na kichwa kikaacha kugonga. Ilibaki juu kuliko nilivyopenda, na chumvi hakuirudia. Nasema mapema ili msihangaike: Bi Mize aliishi. Yule mtoto wa kubebwa alimwoza mwenyewe, na wali wa harusi aliupakua kwa mkono ule ule wa kulia.

Nami nilirudi mjini na desturi mpya. Mmekuwa mkiniona miaka yote, nikimaliza zamu naingia stoo, nakunja bendeji nimeelekea ukuta, midomo inacheza. Najua mlisema nasoma uradi. Baadhi yenu niliwaita mkae, kila mtu na ukuta wake, mkadhani nawaadhibu. Bendeji zinahitaji kukunjwa kila siku. Nendeni mkazikunje, na mkisikia mwenzenu anasema, kunjeni zenu.

Mwaka mmoja baada ya mambo haya, asubuhi moja, Mzee Haji alikuja mjini kuuza kamba za usumba Darajani, akapita hospitali kunisalimu. Alisimama mlangoni mwa stoo na kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee Haji."

"Marahaba, mwanangu. N'na suala." Akatazama huku na huku. "Wewe ulikaa nao kule pwani. Mke wangu... akipiga makumbi, hunitaja?"

Nilishika bendeji niliyokuwa nayo nikaanza kuikunja upya, ingawa ilikuwa imeshakunjwa. Uso uliniwaka moto. Yeye akanitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha taratibu, mpaka macho yakamlenga machozi.

"Usinambie," alisema. "Rungu lake la kwanza nlimchongea mie, tulipooana tu. Na kila nilipomwona karudi pwani bado kanuna, nlikuwa nnamchongea jingine, zito zaidi."